Gari Lililoteleza Ruiru na Siku Kumi na Moja za Thika



Safari ninayowasimulia wiki hii haikuwa ya matembezi. Mama mkwe wangu amebakiwa na dada mmoja tu duniani, naye anakaa Majengo, mjini Thika. Katika mwezi wa Mfungo Mosi zilitufikia habari Mombasa kwamba dada huyo ameanguka, hatoki tena kitandani, na kila anapozinduka humwulizia nduguye. Walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Mama hakulia. Aliingia chumbani kwake akaanza kukunja kanga.

Tatizo lilikuwa njia. Magoti ya mama hayastahimili kukaa kwenye kiti cha basi kutwa nzima. Lazima ajinyooshe kila baada ya saa moja. Ndipo mume wangu aliposema tusafiri kwa gari letu la kulala. Msije mkadhani nasema yale majumba ya magurudumu ya Ulaya, yenye bafu na televisheni. Letu ni Toyota HiAce kuukuu iliyokuwa ikibeba watalii. Mume wangu aling'oa viti vya nyuma, na seremala wa Kisauni akatutengenezea kitanda, kabati na meza ya kukunja. Tukaongeza jiko la gesi la meko mawili na tangi la maji la lita mia moja. Ni gari la otomatiki, lisilo na pedali ya klachi. Gia hujibadilisha zenyewe.

Dalili tulizozipuuza

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, na mtu aliyezoea kusafiri usingizini hajui kwamba njia nzima ni kupanda. Unaanza usawa wa bahari, unapita Mariakani, Voi, Mtito Andei na Makindu, na ufikapo Nairobi umepanda zaidi ya mita 1,600. Gari lililobeba nyumba yake mgongoni, kama kobe, hulipia kila mita ya mwinuko huo.

Dalili ya kwanza tuliipata Voi. Tulikuwa tumesimama kunywa chai. Mume wangu alipotia gia ili tuondoke, gari lilikaa kimya kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha likashika kwa mshtuko. Tulicheka, tukasema limechoka kama sisi. Dalili ya pili ilikuja tukiwa tumekwisha kupita Sultan Hamud, kwenye mpando mrefu. Injini ilivuma ghafla, mshale wa mizunguko ukapanda, na mshale wa mwendo ukashuka. Mume wangu akasema ni upepo. Mimi nikasema ni mzigo. Dalili mbili, na zote mbili tulizitafutia udhuru, kwa sababu hapakuwa na mmoja wetu aliyetaka kusimama.

Kabla ya kuingia Nairobi tulikata kulia, tukashika barabara ya Eastern Bypass inayouzunguka mji kwa mashariki na kutokea Ruiru. Kufika Kamakis, mahali penye safu ndefu ya wachoma nyama, magari yalikuwa yamebanana. Tukawa tunakwenda hatua mbili na kusimama. Hapo ikaja harufu kali ya kitu kinachoungua, na tulipotaka kukipanda kijilima kidogo, injini ilipiga kelele na gari likasimama palepale, kama mtu anayepiga mbio ndani ya ndoto.

Mama, aliyekuwa amelala nyuma, akauliza kwa upole, "Tumefika kwa dada?"

Zilikuwa zimebaki kilomita zisizozidi ishirini na tano.

Usiku na asubuhi ya Ruiru

Vijana wa bodaboda walitusaidia kulisukuma gari hadi kwenye gereji moja iliyo jirani. Fundi aliinusa ile harufu, akatikisa kichwa, akasema giaboksi haifunguliwi ikiwa na moto, tungoje asubuhi. Hapo nilishukuru kwamba gari letu lina kitanda. Tulilala mle mle ndani ya ua wa gereji, na mke wa mlinzi akatuletea maji ya moto ya mama kutawadhia. Hakutujua kwa jina wala kwa kabila, na alipopewa pesa alikataa.

Ruiru ni mji ambao wengi wetu huupita tu. Ulikuwa mji wa mashamba ya kahawa, na mpaka leo kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo. Ile mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa kuwa hustahimili maradhi ya chulebuni na kutu ya majani, ilichukua jina la mji huu. Sisi tunaokunywa kahawa chungu vibarazani baada ya swala hatuiulizi imetoka wapi. Sasa mashamba mengi yamegeuka viwanja, na majumba ya ghorofa yamesimama mahali palipokuwa na mibuni. Baridi ya alfajiri ya huko si ya mchezo kwa mtu wa pwani. Mama alijifunga kanga tatu, na bado akaomba blanketi.

Palipokucha, fundi alianza kazi, nami nikamwomba anieleze kila anachokifanya. Alistaajabu kidogo, kisha akafurahi. Nitayaeleza hapa kama alivyonieleza, maana wengi wetu tunaendesha magari ya otomatiki na hatujui yanavyokwenda.

Katika gari la klachi, dereva ndiye aunganishaye injini na magurudumu kwa mguu wake. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili. Pampu huisukuma oili kwa nguvu, na oili huzibana sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati katika sinia. Zikibanwa sawasawa, zote huwa kitu kimoja na gari hujongea. Oili ikipungua, au nguvu yake ikishuka, sahani husuguana badala ya kushikana. Injini inavuma, gari halivuti. Huko ndiko kuteleza. Msuguano huleta joto, joto huunguza oili na sahani, na sahani zilizoungua huteleza zaidi. Ndiyo maana maradhi haya hayaponi kwa kungojewa.

Fundi hakuanza kwa kufungua kitu. Alianza kwa kupima. Aliliweka gari mahali tambarare, akaiacha injini ipate moto ikiwa inanguruma, akakanyaga breki na kuupitisha mkono wa gia katika kila nafasi, kisha akaurudisha mahali pa kuegesha. Ndipo akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakirudisha na kukichomoa tena. Kijiti hicho kina alama mbili, ya oili baridi na ya oili moto. Oili yetu ilikuwa chini ya zote mbili.

Kisha akadondosha tone juu ya karatasi nyeupe. "Oili nzima," alisema, "huwa nyekundu na yenye kung'aa." Nikamwambia, kama sharubati ya komamanga. Yetu ilikuwa kama ukwaju, na ilinuka kama mkate uliosahauliwa motoni.

Oili ya giaboksi haiishi kwa kutumika kama petroli. Ikipungua, imetoka mahali. Alilala chini ya gari akafuata unyevu mpaka kwenye paipu inayopeleka oili mbele, kwenye rejeta, ili ipozwe. Mpira wake ulikuwa umepasuka penye kifungo, na pengine ulikuwa ukivuja tangu nyumbani. Akakagua pia waya utokao kwenye pedali ya mafuta na kuingia giaboksi. Katika magari ya miaka ile, waya huo ndio huiambia giaboksi kwamba dereva amekanyaga kwa nguvu, nayo hupandisha msukumo wa oili. Wetu ulikuwa umelegea. Kila tulipopanda mlima, yaani kila gari lilipohitaji nguvu zaidi, giaboksi haikupata habari.

Mwisho alifungua sampu ya chini. Ndani yake mna sumaku ya kukamata vyembe vya chuma. Juu yake palikuwa na unga laini wa kijivu, kama wanja, na huo, alisema, ni wa kawaida kwa gari lolote lililotembea. Lakini pembeni palikuwa na vipande vidogo vyeusi, kama majani ya chai yaliyobaki chini ya kikombe. Hizo ndizo sahani zetu zilizokuwa zikilika.

Msaidizi wake alitaka kulijaribu gari kwa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja, ili aone litateleza kiasi gani. Fundi alimkataza. "Mgonjwa hapimwi kwa kupigwa," alisema.

Alibadilisha ule mpira, akaukaza waya, akaweka chujio jipya na oili ya aina ileile iliyoandikwa kwenye kijiti. Tukalitoa barabarani. Gia ya kwanza ilishika, ya pili ikashika, ya tatu ikashika, na ya kurudi nyuma pia. Ya nne, ile ya mwendo mrefu, ilishika kidogo kisha ikateleza. Akabonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia, kinachoizuia giaboksi isiingie gia hiyo, na gari likaenda bila kuteleza.

"Sahani za gia ya nne zimekwisha," akasema. "Mkienda taratibu kwa gia tatu mtafika Thika. Maji ya tangi mwageni, hizo ni kilo mia moja za bure. Lakini giaboksi lazima ifunguliwe yote kabla ya kurudi pwani." Hesabu aliyotupa ilikuwa shilingi elfu sitini na tano. Akiba yetu yote ilikuwa elfu sabini, na ilikuwa karo ya binti yetu.

Neno la mama

Habari za gari bovu husafiri upesi. Kabla ya saa sita mchana, dalali mmoja alikuwa amekwisha kufika, akalizunguka gari, akakisifu kitanda na kabati. Alikuwa na mnunuzi tayari, kijana anayetaka gari la kubebea watoto wa shule, naye angelipa siku ileile. Bei aliyoitaja hata Mombasa tusingeipata. Kuhusu giaboksi, alisema, dawa ipo: mimina oili nzito, na gia zitashika wiki mbili tatu. Wakati huo ninyi mko kwenu.

Nilimwona mume wangu akihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Simlaumu, kwa kuwa nami nilikuwa nahesabu. Karo ingebaki. Tungekodi gari la kumpeleka mama kwa dada yake jioni ileile, na kurudi kwa treni. Nikajiambia moyoni kwamba hatutasema uongo wowote, maadamu hatukuulizwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, tasbihi mkononi. Nilidhani hasikii.

"Hao watoto wa shule," akasema, "wana mama zao."

Tukanyamaza. Akaendelea kwa sauti ileile ya taratibu, akatukumbusha kisa tunachokisikia tangu madrasa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye rundo akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakakiona. Mama akakionyesha kijiti cha kupimia, kilichokuwa bado kimelazwa juu ya karatasi. "Fundi ametia mkono ndani. Sasa mwajua. Mngeliuza jana, mngekuwa na udhuru. Leo hamna."

Kijana mnunuzi alipofika, mume wangu alimpa ile karatasi yenye tone la oili, akamwambia gia ya nne imekwisha na giaboksi yote yataka kufunguliwa. Dalali aliondoka akisonya. Kijana hakununua, lakini alibaki akizungumza na fundi kwa muda mrefu. Baadaye nilisikia amemwomba aende akaikague gari nyingine aliyokuwa ameilipia arubuni.

Fundi naye, aliyekuwa amesikia yote, alimpa mama kikombe cha chai. "Shosho," alimwita, kama watu wa huko wamwitavyo bibi, "mimi nina jamaa Thika anayefungua giaboksi. Nitampigia simu asiwatoze kama wageni."

Thika

Tulitoka Ruiru baada ya kuswali Adhuhuri na Alasiri pamoja. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ni pana na laini, lakini si tambarare. Hushuka kwenye bonde la mto na kupanda ng'ambo, tena na tena: Mto Ruiru, na baada ya Juja, Mto Ndarugu. Kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, tukiwa ukingoni upande wa kushoto na malori yakitupita, nilipata wasaa wa kuitazama kila daraja. Maji ya mito hiyo miwili huingia Mto Athi, nao ndio huo tunaouita Sabaki unapoingia baharini kaskazini ya Malindi. Katika kila mpando nilisoma dua na kusikiliza injini. Haikuvuma ovyo hata mara moja.

Miji mingi ya bara ina mtaa uitwao Majengo, na aghalabu ndimo walimokaa Waislamu wa mwanzo, waliotoka pwani na kwingineko kwa kazi na biashara. Ukiingia Majengo ya Thika utasikia Kiswahili, adhana na harufu ya mahamri. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mama hakungoja kushikwa mkono. Alipanda kizingiti kwa magoti yake yaleyale mabovu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaupapasa uso wa dada yake kama mtu anayesoma kwa vidole. Dada yake alifumbua macho, akasema, "Umechelewa." Kisha wote wawili wakacheka. Mimi ndiye niliyelia.

Thika ni mji wa viwanda, na magari ni sehemu ya historia yake. Tangu miaka ya 1970 pana kiwanda cha kuunganisha magari, kilichoanza kwa jina la Leyland, na mafundi wa mji huo hawaogopi chuma. Yule jamaa wa fundi wetu aliishusha giaboksi, akaifungua juu ya meza safi, akabadilisha sahani zote na mipira ya kuzuia oili. Vipuri vingine vilingojwa kutoka Nairobi. Kazi tuliyoambiwa ya siku nne ikawa ya siku kumi na moja.

Tulikuwa tumepanga kukaa siku mbili. Tukisema kweli, ni giaboksi mbovu iliyowapa ndugu wawili wale siku tisa za nyongeza. Walilala chumba kimoja, wakisimuliana usiku kucha mambo ya utotoni kwao Kipini, na mama akamlisha dada yake uji kwa mkono wake.

Siku ya tisa tulimpeleka mama kuyaona maporomoko ya maji yaliyo kando ya hoteli ya Blue Posts, ambayo ilianzishwa mwaka 1908. Hapo Mto Chania na Mto Thika, kila mmoja na maporomoko yake, hukaribiana na kukutana. Mama aliyatazama maji, akauliza yanakwenda wapi. Mume wangu akamwambia kwamba haya hayaendi Sabaki. Huingia Mto Tana, hupita Garissa na Garsen, na kumwagikia baharini Kipini.

Mama alinyamaza kwa muda. "Basi miaka yote hii," akasema, "dada yangu alikuwa akikaa juu ya mto wetu."

Tuliyorudi nayo

Gari lilitugharimu elfu sitini na moja, na karo tuliilipa kwa awamu, baada ya kuzungumza na mwalimu mkuu aliyetuelewa. Hatukulala njaa. Tulirudi Mombasa polepole, mama akiwa amelala, na gia zote nne zikishika.

Kwa dada zangu mnaoendesha magari ya otomatiki, au mnaoendeshwa ndani yake, nawaachia haya machache. Gari likichelewa kushika gia, au injini ikivuma bila gari kuvuta, simameni siku hiyohiyo. Kabla sahani hazijaungua, huenda tiba ikawa mpira na oili tu. Jifunzeni kuisoma oili ya giaboksi kwa rangi na harufu. Mimi huitazama yetu kila Jumamosi asubuhi, na haichukui dakika tano. Magari mengine ya kisasa hayana kijiti hicho, na hayo hupimwa na fundi. Msimimine oili yoyote ila ile iliyotajwa kwa gari lenu, na muogopeni anayewaahidi dawa ya wiki mbili. Mzigo ukiwa mzito na mlima mrefu, zuieni gia ya mwendo mrefu, na msibebe maji ambayo mtayapata njiani.

Na mkiuza gari, au cherehani, au jokofu, kiwekeni juu kile kilicholowa.

Mpaka naandika haya, dada yake mama bado yuko kitandani, lakini kila baada ya Magharibi simu hulia, na tunamsikia mama chumbani akicheka. Tunaomba dua zenu kwa ajili yake na kwa wagonjwa wote wa Kiislamu.

Wabillahi taufiki. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.